Njia za Panya Ndani ya Tangi la Mchanga

Nianze na jambo mtakalolicheka, ili mlicheke mapema tuendelee. Mimi Atupele, niliyetunza mabwawa ya kuogelea tangu sina mvi hata moja mpaka mgongo ulipoomba likizo ya kudumu, sijui kuogelea. Kwetu Tukuyu mito ina baridi na mawe. Mtu huvuka, haogelei. Nilipokuja Dar nikaona watu wamechimba shimo, wamelipamba kwa vigae vya bluu, wamelijaza maji, halafu wanaingia humo kwa hiari yao na kucheka. Nikabaki na swali moja tu: haya maji yakichafuka wanayamwaga wapi?

Swali hilo ndilo lililonipa ajira. Kwa hiyo nyie wanangu mnaoingia kwenye kazi hii sasa, mnaosoma hali ya maji kwenye simu mkiwa bado mmejifunika shuka, msione haya kuuliza la kijinga. Jibu lake ni kwamba hawayamwagi. Ni maji yale yale yanatoka na kurudi, na ufundi wetu wote umo katika huko kutoka na kurudi.

Aliyenijibu alikuwa Mzee Komba. Wakati huo nilikuwa nafagia uwanja kwenye nyumba ya wageni moja kule Mbagala, na yeye alikuwa fundi anayekuja kutazama bwawa lao dogo. Mngoni mwembamba, mkali kwa mashine, mpole kwa watu. Alikuwa na bisibisi ndefu ambayo sikuwahi kumwona akifungulia nayo hata skrubu moja. Ncha aliiweka juu ya pampu, mpini akaugandamiza sikioni, akafumba macho.

"Sikiliza," aliniambia siku niliyomuuliza swali langu, akanipa bisibisi. "Unasikia nini?"

"Nasikia inanguruma, mzee."

"Inanguruma vizuri, au inanguruma kama mtu aliyepaliwa?"

Sikujua. Akazima, akafungua kikapu kilicho mbele ya pampu, akatoa majani ya mwarobaini na vibanio vya nywele, akafunika, akawasha tena. Safari hii sauti ilikuwa nzito na ya utulivu. Nikajua kupaliwa kwa pampu kukoje, na tangu siku hiyo sijasahau.

"Usitishwe na mabomba," alisema. "Hapa kuna mdomo, moyo na tumbo. Vingine ni mishipa tu."

Mdomo ni lile tundu la ukingoni linalokunywa maji ya juu pamoja na majani na wadudu, na lile lingine la chini kabisa kwenye kina. Moyo ni pampu. Tumbo ni tangi la duara lililojaa mchanga. Maji yanasukumwa yaingie tangini kwa juu, yanapenya mchangani kwenda chini, yanaingia kwenye vibomba vyenye nyufa nyembamba kuliko punje za mchanga, kisha yanarudi bwawani yakiwa yameacha uchafu wake nyuma.

Hapo nikamkatiza. Kwetu mchanga ni uchafu. Ukiingia kwenye mboga unatema. Sasa kitu kinachoharibu mboga kinasafishaje maji?

Mzee Komba alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za kwao. Alichukua mchanga kidogo kwenye gunia, akanimiminia kiganjani, akaniambia nisugue kwa vidole. Ukanichoma.

"Umeona? Huu una kona. Uchafu ukipita humo unajikwaa, unanasa. Mchanga ukizeeka kona zinaisha, unakuwa laini kama ulezi, uchafu unateleza unapita zake. Ndiyo maana tunaubadilisha."

Mpaka leo nikishika mchanga wowote nausugua kabla sijajua ninachofanya. Niliwahi kujikuta makaburini, mchungaji anaomba, mimi nasugua mchanga wa kaburi na kuwaza kwamba huu usingefaa.

Juu ya tangi kuna saa ndogo ya presha. Uchafu ukijaa mchangani maji yanapita kwa taabu, na mshale unapanda. Ukipanda sana unazima pampu, unazungusha mpini wa koki kubwa, unawasha tena. Sasa maji yanaingia kwa chini na kutokea juu, mchanga unainuka na kutokota kama uji, na uchafu wote unatoka kwenye bomba la maji taka. Kuna kioo kidogo pembeni; unatazama maji yanavyotoka kahawia, yanakuwa chai ya rangi, halafu yanakuwa maji. Wengine wanaita bakwoshi. Mzee Komba aliita kulitapisha tangi, nami nitakufa nikiita hivyo.

Na hapa kuna jambo lililonishangaza kuliko yote. Mchanga msafi kupita kiasi hauchuji vizuri. Uchafu kidogo ulionasa unaziba nafasi kubwa kati ya punje na punje, na kwa hiyo unasaidia kunasa uchafu mwingine. Kulikuwa na kijana mmoja fundi huko Ukonga aliyelitapisha tangi lake kila asubuhi, kama mtu anayepiga mswaki, na maji yake hayakung'aa hata siku moja. Mzee Komba alimwambia, "Braza, liache tumbo lishibe kidogo." Kijana alidhani anataniwa.

Mwenye ile nyumba ya wageni ya Mbagala naye hakubaki nyuma. Mchanga wa tangi ulipozeeka, aliona hakuna haja ya kutafuta mchanga maalumu wakati nyuma ya ukuta kulikuwa na tripu nzima ya mchanga wa kujengea. Akajaza mwenyewe, Mzee Komba akiwa msibani Songea. Pampu ilipowashwa, vumbi na chenga zote laini zikapenya kwenye zile nyufa na kurudi bwawani. Kufikia mchana chini ya maji kulikuwa na ufukwe. Wageni wawili walisifu ubunifu huo, na mwenyewe akaniuliza, uso mkavu, kama tunaweza kuuacha hivyo hivyo.

Kabla sijafika kwenye kisa chenyewe, kuna neno nataka mlitenganishe. Tangu shule tunasema "maji safi na salama" kwa pumzi moja, kama jina la mtu mmoja. Kwenye bwawa hao ni ndugu wawili, na mara nyingine hawasemeshani. Usafi unatoka tangini: mchanga unaondoa unachokiona. Usalama unatoka kwenye dawa, yaani klorini: inaua usichokiona. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na yakakuharisha. Na yanaweza kuwa na dawa ya kuua kila kijidudu, huku ukungu umeyajaa huoni miguu yako. Anayetibu ukungu kwa kuongeza dawa anamwita ndugu asiyehusika. Fundi wangu mwenyewe alilijua hilo, na bado likampiga chenga, kama mtakavyoona.

Bi Sakina alikuwa mama mtu mzima wa familia ya Kihindi, Waislamu wa Kishia, wenye nyumba ya ukuta mrefu huko Mbezi. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani hasa. Changu cha wakati ule kilikuwa bado kina mawe ya Tukuyu ndani yake. Mumewe alishafariki, na nyumba aliishika mwanawe Murtaza, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Bi Sakina alikuwa amevunjika nyonga. Iliungwa, lakini nchi kavu alitembelea fremu ya chuma, kwa maumivu yaliyomkata maneno katikati ya sentensi. Daktari akamshauri atembee majini. Humo maji yalimbeba, na mama yule aliyesindikizwa hata msalani alitembea peke yake kutoka ukingo hadi ukingo, akiwasimulia wajukuu zake hadithi bila kukatika hata neno.

Nyumba ile ilikuwa na siku za wanawake. Siku hizo walikuja mabinti wa ukoo, majirani, wakwe, geti linafungwa, na hakuna mwanamume anayekanyaga uwanja wa nyuma, hata mtunza bustani. Mzee Komba alikuja kabla ya siku hizo na baada yake. Katikati pampu ikipaliwa, hapakuwa na wa kuisaidia.

Na bwawa lilikuwa linamtesa. Maji yalikuwa yanaingia ukungu. Si ule ukijani wa mwani, bali weupe mwembamba kama maji uliyooshea mchele. Aliongeza dawa, ukungu ukabaki. Akatia shabu, ile ile ambayo mama zetu waliizungusha kwenye ndoo ya maji ya mtoni ili tope litulie. Ukungu ukashuka chini, akaufyonza, maji yakang'aa, watu wakafurahi, kisha siku ya wanawake ikapita na ukungu ukarudi. Akalitapisha tangi, wapi. Akaongeza dawa tena. Na muda wote huo mshale wa presha umetulia chini, kama jirani asiyependa kuingilia mambo ya watu.

Mshale ndio uliomchanganya. Tangi likijaa uchafu mshale hupanda; huu haukupanda. Kwa maneno ya mshale, tumbo halikuwa na shida yoyote.

Siku moja Murtaza alitukuta pale ukingoni. Nilikuwa nimeanza kufuatana na Mzee Komba kumbebea vifaa.

"Mzee Komba, mie sikulaumu," alisema. "Umehangaika sana. Lakini mama yangu anaingia humu. Akiteleza, haya maji hata miguu yake siioni. Kama Ramadhani itakaribia na maji bado yako hivi, naleta malori ya kifusi nalifukia. Mama tutamtafutia mazoezi mengine."

"Mazoezi gani, bosi?"

Murtaza alitazama maji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto anayemwogopea mama yake, na alijua kama sisi tulivyojua kwamba mazoezi mengine hayapo. Bwawa likifukiwa, Bi Sakina hatatembea tena.

"Basi nipe ruhusa kitu kimoja," Mzee Komba alisema. "Huyu Atupele ni mwanamke, akae hapa siku ya wanawake, aiangalie pampu. Mie nje sioni kinachotokea humo ndani."

Ndivyo nilivyokabidhiwa ile bisibisi niitumie peke yangu kwa mara ya kwanza. Wengine walipewa vyeti; mimi nilipewa bisibisi na kibali cha kupita geti.

Siku ya wanawake ilipofika nilikaa mlangoni mwa kibanda cha pampu nikasikiliza. Pampu ilikuwa nzima. Nikainua macho. Kabla ya ngazi za kuingilia majini, Bi Sakina alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, fremu yake kando, na mbele yake chupa kubwa ya mafuta ya nazi iliyoachwa juani ipate joto. Kila binti aliyefika alipiga magoti mbele yake. Bi Sakina alimimina mafuta kiganjani, akayasugua kichwani mwa binti kuanzia shinani mpaka ncha, akasuka mkia mmoja, akampiga kikofi cha mgongoni, haya nenda. Halafu anayefuata. Mabinti, majirani, wageni wa wageni, wote walipita mikononi mwake.

"Shikamoo Bi Sakina," nilisema nilipomsogelea.

"Marahaba, mwanangu. Njoo nikupake na wewe."

"Mimi niko kazini, bibi. Unawapaka wote hawa?"

"Sina budi. Dawa ya maji haya imekuwa kali siku hizi, inakausha nywele zikawa kama makumbi. Zamani nilikuwa nawapaka kidogo tu. Sasa lazima nywele zishibe."

Nikarudi kwenye kibanda changu. Mabinti waliruka majini, na baada ya muda niliona juu ya maji, pale karibu na mdomo wa ukingoni, rangi rangi kama zile za dimbwi lililo chini ya gari bovu. Mdomo ukawa unazinywa taratibu. Niliona, nikashangaa, lakini sikuelewa. Msinipe akili ambazo sikuwa nazo.

Nilielewa asubuhi iliyofuata, nyumbani, uani, nikiosha vyombo. Tulikuwa tumekaanga samaki, na sufuria ilikuwa na mafuta mazito. Nikachota mchanga nikaanza kuisugua, kama tulivyofunzwa sote kabla ya sabuni za matangazo. Mchanga ukanywa mafuta ukashikana madonge madonge. Nikamimina maji. Maji hayakuingia kwenye donge hata moja. Yalizunguka pembeni, yakakimbia katikati ya madonge, yakatoka upande wa pili na uchafu wake wote. Nikamimina tena, makusudi, nikichuchumaa na pua karibu kugusa sufuria. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akaniuliza kama nimepoteza pete.

Sikumaliza vyombo. Nilikwenda kumtafuta Mzee Komba.

Alinisikiliza bila kunikatiza, nami nilimweleza yote: chupa, mabinti, rangi juu ya maji, sufuria. Kisha tukaenda Mbezi, tukazima pampu, tukalifungua tangi. Ukiliona tangi la mchanga likifunguliwa mara ya kwanza utashangaa jinsi lilivyo la kawaida; ni pipa la mchanga tu. Lakini huu haukuwa mchanga tena. Mzee Komba alizamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa donge kubwa kama yai, jeusi, linateleza. Akatoa lingine. Katikati ya madonge kulikuwa na mapito unaweza kupitisha vidole.

"Njia za panya," alisema polepole. "Maji yamechonga njia za panya, mwanangu. Barabara kuu imeziba, yenyewe yanapita vichochoroni na magendo yake. Ndiyo maana mshale haupandi. Utapandaje? Kwenye kizuizi hakuna foleni, wote wamepita porini."

Akalitazama lile donge, kisha akanitazama.

"Hebu ngoja. Mie naongeza dawa kwa sababu ya ukungu."

"Ndiyo, mzee."

"Na bibi anaongeza mafuta kwa sababu ya dawa."

"Ndiyo, mzee."

"Na ukungu unaongezeka kwa sababu ya mafuta."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akacheka mpaka akafuta machozi. "Yaani muda wote huu napigana na bibi kizee wa watu, hanioni, simwoni. Kila mtu anaokoa upande wake, kumbe wote tunalizika bwawa."

Nami nilicheka, kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu mchanga mpya ulikuwa unapatikana, lakini mafuta yale nani angeyazuia? Murtaza alikubali kuleta mchanga siku hiyo hiyo. Tulipomweleza habari ya chupa, alishika kichwa.

"Hapo msinitume," alisema. "Tangu nina akili namwona mama na ile chupa. Jikoni hasimami tena, sokoni haendi, watoto hawezi kuwabeba. Kilichobaki mikononi mwake ni hicho. Mie niende nikamwambie ndicho kinachoua bwawa?"

Hilo ndilo lililokuwa fundo lenyewe. Tukiyaacha mafuta yaendelee, anapoteza miguu. Tukiondoa mafuta, anapoteza mikono. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, bila kujua ninamkasirikia nani. Mzee Komba hakuweza kuingia siku ya wanawake, na Murtaza alikuwa ameshakataa. Ikabaki mimi.

Niwape funzo moja la kazi hapa, halafu nirudi. Mteja ukimwambia "wewe ndiye umeharibu", atabisha hata kama anajua. Mpe kitu akishike. Mikono ya mtu haibishani. Basi nilichukua donge moja nikalifunga kwenye kitambaa, nikaenda nikaketi chini karibu na kiti cha Bi Sakina kabla wageni hawajafika, nikampa.

Alilifungua. Akalibonyeza. Akalipeleka puani.

"Nazi," alisema.

"Ndiyo, bibi. Limetoka kwenye tangi linalochuja maji."

Alilizungusha donge kiganjani. Wajukuu walikuwa wanapiga kelele ndani ya nyumba. Nilitamani mtu aje atukatize.

"Kwa hiyo ni mimi ninayelifukia bwawa langu," alisema. "Murtaza na malori yake ananisaidia tu."

"Si wewe peke yako, bibi. Sisi tulikuwa tunaongeza dawa, wewe unaongeza mafuta. Tulikuwa tunajibizana."

Hakucheka. Alifunika chupa, akaisukuma mbali kwa fimbo aliyoiegemeza kitini, na moyo ukaniuma kumwona mikono imebaki mapajani haina kazi. Nikakumbuka jambo ambalo Mzee Komba alinifundisha kwa sababu ya nywele za mabinti wa nyumba ya wageni.

"Bibi, unalijua dodoki?"

"Nani asiyejua dodoki?"

"Dodoki kavu ukilitupa kwenye maji machafu, linanywa maji machafu. Ukililoweka kwanza kwenye maji safi, limeshashiba, halinywi tena sana. Na nywele ndivyo zilivyo. Watoto wakioga kwanza na kulowesha vichwa kwa maji ya bomba, dawa haiwakaushi sana. Na mchanga mpya ukikaa vizuri, dawa yenyewe tutaipunguza."

Akili yake ilikuwa inafanya kazi, niliiona usoni.

"Na wakitoka majini?"

"Wakitoka majini, bibi, nywele zao ni zako."

Hapo akavuta chupa kwa fimbo ile ile, ikarudi.

Msidhani aliipokea sheria hiyo kwa upole. Aliichukua ikawa yake. Siku ya wanawake iliyofuata alikuwa kwenye kiti kile kile, safari hii ameshika mpira wa kumwagilia bustani, na hakuna aliyepita bila kuoshwa. Mama mmoja mkubwa, aliyekuja amejipulizia manukato mpaka nzi wamekimbia, alijaribu kupita pembeni na kusema yeye ameoga kwao. Bi Sakina alimlenga mpira. "Na hapa ni kwetu," alisema. Wakitoka, walijipanga wenyewe mbele ya chupa, wametulia, wamechoka na maji, na kupakwa kulichukua muda mrefu zaidi kwa sababu hakuna aliyekuwa na haraka ya kukimbilia kuogelea. Nadhani alifaidi kuliko zamani.

Kitu kingine kikanifurahisha. Ile harufu kali ambayo watu walisema ni dawa imezidi, nayo ilipungua. Kumbukeni hili: bwawa linalonuka dawa sana mara nyingi halina dawa nyingi. Linanuka kwa sababu dawa imekutana na jasho na mafuta na mambo mengine ambayo watoto hawakiri. Dawa iliyo kwenye maji safi hainuki sana, na macho hayawi mekundu.

Ukungu ulikwenda taratibu. Mchanga mpya unahitaji kuzoea, kama nilivyowaambia, ushibe kidogo. Mzee Komba alikuja kila alipoweza, akiweka bisibisi kwenye pampu na kunitazama mimi badala ya kufumba macho, ili niseme kabla yake. Bisibisi hiyo aliniachia aliporudi Songea kupumzika, na ninayo hapa. Ncha yake imelika, lakini sikio lake bado zima.

Ramadhani ilikuwa imekaribia, na dukani kwa Murtaza madereva wa malori walikuwa wanauliza kifusi kipelekwe lini. Alikuja ukingoni asubuhi, akachuchumaa upande wa kina, akatazama chini ambako kuna ule mdomo wa pili wenye mfuniko wa vyuma. Nilimwona midomo ikitikisika. Alikuwa anahesabu vyuma. Akasimama, akatoa simu, akasema na mtu kwamba kifusi kipelekwe kwingine. Kisha akaondoka haraka, kama mtu asiyetaka kuonekana uso.

Siku hiyo ilikuwa ya wanawake. Nilimsindikiza Bi Sakina mpaka kwenye ngazi kama kawaida, mkono wangu chini ya kiwiko chake, tukisimama kila maumivu yalipomkata. Alinikabidhi fremu, akashika chuma cha ngazi, akashuka. Maji yalipomfika kifuani, mgongo wake ukanyooka. Akageuka.

"Na wewe?"

"Mimi fundi, bibi."

"Mpishi haonji chungu chake?"

"Sijui kuogelea."

"Nani kakwambia uogelee? Tembea."

Mabinti wakaanza kunishangilia. Nilitafuta udhuru, na nikiwa bado nautafuta, mmoja wa wajukuu akanielekezea mpira wa bustani kwa amri ya bibi yake, nikaloweshwa kuanzia kichwani mpaka kwenye gauni la kazi. Nikashuka ngazi. Mguu ulipokosa ngazi ya mwisho nilipiga kelele, nikashika kitu cha kwanza nilichokipata, na kilikuwa mkono wa Bi Sakina.

Haukutetemeka. Kila siku nchi kavu mimi ndiye niliyemshika. Mle majini yeye ndiye aliyenishika mimi, akaniambia nipumue, nisitazame mbali, tukaanza kwenda. Nilikuwa nayajua maji yale kuliko mtu yeyote. Nilijua yanakoingia na yanakotokea, nilishika mchanga wake kwa mikono yangu, na sikuwa nimewahi kujua kwamba yanambeba mtu namna hii.

"Unaona?" aliuliza.

Nikatazama chini. Niliiona miguu yetu yote minne juu ya vigae vya bluu, ya kwangu ikisitasita, ya kwake ikitembea.